Mtu wa pwani akienda Malta: mwongozo wa wiki ya bahari, miamba na upepo

Malta ni nchi ya visiwa katikati ya bahari ya Mediterania, kama kilomita 90 kusini mwa Sicily. Nchi nzima ina kilomita za mraba 316. Ichukue Pemba uigawe mafungu matatu, fungu moja ndilo Malta yote pamoja na visiwa vyake. Kwa udogo huo mgeni hudhani hakuna cha kupanga: unashuka ndege, unavua viatu, unaingia majini. Hata mimi nilidhani hivyo. Safari ya kwanza nililipia boti ya kwenda kisiwa kidogo cha Comino siku tisa kabla. Siku ikafika, upepo wa kaskazini-magharibi umeamka na ghadhabu zake, boti haikung'oa nanga, na mwenye boti akaniambia pesa hairudi, kinachobadilishwa ni tarehe tu. Nami nilikuwa naondoka kesho yake. Jioni nikasikia kwamba saa zile zile, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa nusu saa kwa gari, watu walikuwa wakiogelea kwenye maji yaliyolala kama mafuta kwenye sufuria.

Mzee yeyote wa Tumbatu au Vanga angeniuliza swali moja kabla sijatoa senti: upepo unatoka wapi? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Julai na Agosti ndiyo miezi ya picha nzuri, na ndiyo miezi ya kuepuka. Joto hupita nyuzijoto 30 karibu kila siku, mvua ni kama hakuna, fukwe za mchanga ni chache na watu wamebanana kama dagaa juani. Karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Santa Marija, nusu ya Wamalta huhamia Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa, na foleni ya magari ya kivuko huwa ndefu ya kukukatisha tamaa.

Ukienda kwa ajili ya kuogelea, nenda katikati ya Septemba hadi wiki za mwanzo za Oktoba. Maji bado yana joto la nyuzijoto 25 hivi, kwa kuwa bahari hupoa polepole kuliko nchi kavu. Ukienda kwa ajili ya kutembea kwa miguu, Aprili na mwanzo wa Mei hakuna mfano: kisiwa kile kile kinachokauka kama ngozi ya mbuzi Agosti huwa kimejaa maua na majani. Lakini maji ya Aprili ni baridi. Aliyezoea Diani au Paje ataingiza kidole gumba na kurudi zake.

Hatua ya 2: Viza, tena mapema

Malta imo katika eneo la Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hali kadhalika ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000.

Kosa ninalolisikia kila mara ni la wanaoishi Uingereza kwa pasipoti za nyumbani: wanadhani kibali chao cha kukaa kule kinatosha. Hakitoshi, Uingereza haimo Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Uswidi au Uholanzi ndiye anayeingia bila viza ya ziada.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hakuna. Wengi hupitia Istanbul au Dubai. Ukiwa tayari uko Italia, kuna meli ya mwendo kasi kutoka Pozzallo, Sicily, hadi Valletta, mji mkuu wa Malta, chini ya saa mbili, na kwa mtu wa baharini ndiyo njia tamu ya kuingia.

Habari njema ndogo: soketi za umeme ni zile zile za pini tatu bapa tunazotumia Kenya na Tanzania, magari hupita kushoto, na Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Malta ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1964, nao wakaacha mazoea yao ukutani na barabarani. Pesa ni euro.

Hatua ya 3: Gawa malazi mara mbili

Wageni wengi hulala Sliema, St Julian's au Bugibba wiki nzima, kisha kila asubuhi hukaa kwenye basi wakielekea mahali pazuri. Msongamano wa magari Malta si mzaha. Ushauri wangu: siku tatu lala kaskazini mwa kisiwa kikuu, Mellieħa au karibu yake, kisha hamia Gozo kwa siku nne. Nyumba za mawe za mashamba za Gozo hukodishwa kwa familia, na mkiwa watu sita gharama ya kichwa hushuka sana.

Gari si lazima. Mabasi hufika karibu kila ufukwe, nauli ni ndogo, na unalipa kwa dereva au kwa kugusisha kadi ya benki. Basi namba X1 hutoka uwanja wa ndege hadi Ċirkewwa, penye kivuko cha Gozo. Mnyooshee dereva mkono akiwa bado mbali. Majira ya joto basi likijaa hupita kituo bila kusimama, nawe hubaki ukilitazama linavyopotea kwenye kona.

Hatua ya 4: Isome ramani, mbona unaijua

Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mjerumani hana. Kimalta kimetokana na Kiarabu, kikachanganywa na Kitaliano cha Sicily, kikaandikwa kwa herufi za Kilatini. Herufi zake zinatisha, lakini zikishazoeleka ramani inaanza kukusemesha. X husomwa "sh", kwa hiyo Xlendi ni Shlendi. Ċ ni "ch". Ġ ni "j". Ħ ni "h" nzito, na għ mara nyingi haisikiki.

Baada ya hapo tazama. Baħar ni bahari. Ras ni rasi, kama Ras Kigomasha ya Pemba, na ukiliona jina hilo jua ni mahali penye upepo. Ġebel ni mawe, ndugu yake jabali. Ramla ni mchanga, na hili lishike sana, kwa sababu fukwe nyingi za Malta ni mwamba mtupu; penye jina ramla mchanga upo. Marsa ni bandari, wied ni bonde linaloteremka baharini. Sitta, sebgħa na disgħa hazihitaji mkalimani. Hata siku: il-Ħamis ni Alhamisi, na il-Ġimgħa ni Ijumaa, halafu neno hilo hilo ġimgħa lina maana ya wiki, kama sisi tunavyosema juma. Nilipomwambia hivyo mama mmoja muuza matunda, alinikatia tikiti maji bure.

Jihadhari na majina pacha. Kuna Mġarr kijiji cha kisiwa kikuu na Mġarr bandari ya Gozo. Kuna Rabat mbili pia, moja kila kisiwa, ingawa ile ya Gozo huitwa vilevile Victoria. Watu wameshapanda basi la Mġarr wakiitafuta meli, wakashushwa mashambani.

Hatua ya 5: Kila asubuhi, kwanza upepo

Kwetu mwaka una kaskazi na kusi, na mtu anajua miezi yake. Malta upepo hubadilika kwa siku, wakati mwingine kwa saa, na kila mmoja ana jina. Majjistral hutoka kaskazini-magharibi, nao ndio unaovuma mara nyingi kuliko zote. Grigal hutoka kaskazini-mashariki, nao ndio mbaya kwa bandari. Xlokk hutoka kusini-mashariki ukitokea upande wa Afrika, mzito, wenye unyevu, na kuna siku huleta vumbi la Sahara likatanda kwenye vioo vya magari. Bandari ya wavuvi ya Marsaxlokk imeitwa kwa jina lake: bandari ya xlokk.

Fungua programu yoyote ya hali ya hewa kabla ya chai, angalia mshale wa upepo, kisha uende upande ambao kisiwa chenyewe kinakukinga.

Majjistral ukivuma, sahau fukwe za magharibi. Golden Bay, Għajn Tuffieħa na Ġnejna ni nzuri mno, hasa Għajn Tuffieħa ambako unateremka ngazi ndefu hadi kwenye mchanga uliokumbatiwa na vilima vya udongo wa mfinyanzi, lakini siku hiyo mawimbi yatakuwa yanapiga moja kwa moja. Elekea kusini-mashariki: St Peter's Pool karibu na Marsaxlokk, ambako mwamba umechongwa na maji ukawa kama baraza la kujirusha kutoka, au Għar Lapsi, kidimbwi cha asili chini ya majabali ya kusini, wanakopenda kwenda familia za Kimalta wenyewe. Kwa Gozo, nenda Ħondoq ir-Rummien au Mġarr ix-Xini.

Xlokk ukivuma, geuza: sasa ndiyo siku ya Għajn Tuffieħa na Golden Bay. Grigal ukivuma, usiende Għadira, ghuba ya Mellieħa, wala Ramla ya Gozo, maana hizo zinatazama huko huko unakotoka upepo. Siku zilizobaki Għadira ni pa watoto hasa, mchanga mrefu kuliko wowote nchini humo, na unatembea mbali sana kabla maji hayajafika kiunoni.

Jambo moja litakushangaza: maji hayapwi. Tumezoea bamvua, bahari ya Unguja kwenda mbali ukabaki unatembea juu ya mchanga na mwani, kisha kurudi mita nne juu. Malta tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita. Huhitaji kuhesabu siku za mwezi, unaweza kuogelea saa yoyote. Lakini usidanganyike ukaita ni bahari pole. Hatari yake iko kwenye mwamba. Kuingia ni rahisi, unajirusha tu. Kutoka ndiyo kazi, wimbi likikupigiza kwenye jiwe lenye ncha. Kabla ya kuingia tafuta ngazi ya chuma au mteremko wa kutokea. Kama hakuna, na bahari ina wimbi, kaa ule tikiti lako. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu vile vinyama vya miiba mirefu vimejaa mwambani kama kwetu.

Bendera za ufukweni zifuate: nyekundu usiingie; ya zambarau maana yake yavuyavu wamefika. Wako wadogo wa rangi ya waridi wanaochoma vibaya, nao husukumwa na upepo, kwa hiyo ufukwe uliojaa leo, kesho ni safi.

Maji ni maangavu kiasi cha kuona kivuli cha boti chini sakafuni. Sababu ni kwamba Malta haina hata mto mmoja wa kutiririsha tope, na bahari yenyewe ni maskini wa virutubisho. Ubaya wake ni huo huo: usitarajie matumbawe wala rangi za samaki wa Mnemba. Wazamiaji huenda kwa ajili ya mapango na meli zilizozamishwa makusudi. Ile meli kubwa ya mafuta, Um El Faroud, ilizamishwa mwaka 1998 karibu na Wied iż-Żurrieq, na sasa samaki wamehamia ndani.

Hatua ya 6: Vuka kwenda Gozo

Kivuko cha Ċirkewwa hadi Mġarr huchukua dakika 25 hivi na hufanya kazi usiku na mchana. Ukienda hakuna anayekudai tiketi. Unalipa wakati wa kurudi, chini ya euro 5 kwa mtu wa miguu. Nilizunguka jengo lote nikitafuta dirisha la tiketi mpaka askari akacheka.

Gozo ina kilomita za mraba 67, na kama ningekuwa na siku nne tu Malta, zote ningezimalizia huko. Anza Ramla l-Ħamra: mchanga mwekundu, kama jina linavyosema. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, au jioni wakiondoka. Siku ya pili pita pwani ya kaskazini kutoka Marsalforn hadi Xwejni, kwenye mabwawa ya chumvi yaliyochongwa mwambani, mamia kwa mamia, yanapendeza kama ubao wa bao uliokunjuliwa. Mpaka leo ziko familia zinazokusanya chumvi majira ya joto: maji ya bahari yanaingizwa, jua linakausha, chumvi inafagiliwa kwa ufagio. Aliyewahi kupita Gongoni, kaskazini mwa Malindi, ataielewa kazi hiyo bila maelezo. Nunua mfuko barabarani hapo hapo. Usikanyage mabwawa yenyewe. Ni jikoni kwa mtu.

Siku ya tatu, Dwejra, upande wa magharibi, ila tu kama majjistral amelala. Lile tao kubwa la mwamba lililokuwa kwenye kila kadi ya posta, Azure Window, lilianguka kwenye dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Bado linauzwa kwenye picha, kwa hiyo usije ukaenda kulitafuta. Kilichobaki kinatosha: kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na majabali, ambacho mashua ndogo hukitoka kwa kupenya ufa mrefu ndani ya mlima hadi bahari kuu. Nahodha huzima injini katikati ya giza makusudi ili mwangaza wa buluu uonekane chini. Anayetaka tao la mawe lililo hai aende Wied il-Mielaħ, pwani ya kaskazini, ambako wageni ni wachache.

Hatua ya 7: Comino, asubuhi au usiende

Katikati ya visiwa viwili ipo Comino, kilomita za mraba tatu na nusu. Jina lake la Kimalta, Kemmuna, limetokana na bizari nyembamba, ile ya pilau. Watu huenda kwa ajili ya Blue Lagoon, maji ya rangi ya firuzi juu ya mchanga mweupe, na kwa kuwa kila mtu huenda huko, mwaka 2025 serikali iliweka utaratibu wa kujiandikisha mtandaoni na kuchagua muda wako. Kujiandikisha ni bure. Fanya hivyo, kisha nauli ya boti lipa siku ile ile, gatini, ukishauona upepo kwa macho yako.

Chukua boti ya kwanza, oga saa moja, halafu ukiona boti kubwa zenye muziki zinaingia, geuka utembee. Kisiwa hakina barabara za magari za kusema. Mnara wa mwaka 1618 unaonekana toka mbali, na ghuba ya Santa Marija iko upande wa pili. Beba maji lita mbili kwa kila mtu na kofia. Kivuli ni cha kutafuta.

Hatua ya 8: Siku moja ya miguu

Tenga asubuhi moja kwa ajili ya majabali. Kwenye kisiwa kikuu, njia za hifadhi ya Majjistral, iliyoanzishwa mwaka 2007, huanzia karibu na Golden Bay. Dingli ndipo juu kabisa, mita 250 na ushei juu ya bahari, bila ukuta wala kamba. Kwa Gozo, mwamba wa Ta' Ċenċ wakati jua linazama ndio ninaoupenda, ukinukia zaatari iliyokanyagwa.

Ukikuta jiwe limeandikwa RTO kwa rangi, mwenye shamba anadai ardhi ni yake. Kuanzia Septemba utasikia bunduki: uwindaji wa ndege ni mila kongwe huko, na ni ugomvi mkubwa wa kisiasa pia. Mimi ninapita mbali, nasalimu, naendelea. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji usizipande, zinalindwa na sheria.

Hatua ya 9: Tumbo

Chakula cha ufukweni ni ħobż biż-żejt, mkate na mafuta ya zeti, nyanya, zeituni, jodari wa kopo. Fungasha wenyewe asubuhi. Vibanda vya ufukweni bei zake ni za mgeni. Pastizzi, vitumbua vya unga wa tabaka vyenye jibini au njegere, ni senti chache na hushibisha, lakini anayekula halali aulize kwanza, maana wako wanaotia mafuta ya nguruwe kwenye unga. Msikiti upo Paola, kisiwa kikuu.

Kuanzia nusu ya pili ya Agosti mpaka Desemba ni msimu wa lampuki, yule tunayemwita felusi. Wavuvi huelezesha makuti ya mitende baharini, felusi wakakusanyika chini ya kivuli, nao wakazungusha wavu. Umle Marsaxlokk siku ya Jumapili, siku ya soko. Tembea gatini utazame luzzu, mashua zao za njano, buluu na nyekundu, kila moja ina macho mawili omoni ya kuiona njia, sawa na macho ya majahazi ya Lamu. Fika kabla ya saa nne. Ikifika saa saba mchana samaki wamekwisha, meza zimebaki na fulana na sumaku za friji, na basi la kurudi Valletta limejaa mpaka mlangoni.